Kukusanya wanasesere wa zamani wa Kiskoti: anza na marinda

Watu wengi wakimwona mwanasesere aliyevaa kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Skotilandi, hutazama uso: macho yanayofumba na mashavu mekundu. Kisha wanalipa. Mimi ni fundi cherehani wa Katuba, hapa Lubumbashi, na ushauri wangu ni huu: mgeuze kwanza umwone mgongoni. Viwanda vya Uingereza vilitumia sura ileile kwa wanasesere wa mavazi mbalimbali, na vingine viliwauza wakiwa uchi kwa makampuni ya kuwavalisha. Kinachomfanya huyu awe Mskoti ni nguo. Nguo ikiwa imebadilishwa, umenunua plastiki tu.

Kilti iliyovaliwa sawasawa ni bapa mbele, marinda yote yako nyuma, na ukingo wa pande la juu unaishia upande wa kulia wa mvaaji. Ukikuta marinda tumboni, usikate tamaa, mara nyingi muuzaji amemvalisha kinyume. Fungua taratibu uangalie mikunjo. Ya kiwandani imezoea mahali pake miaka mingi na rangi ndani ya mkunjo imebaki kali kuliko nje. Halafu shika kitambaa kwa kidole gumba na cha shahada, ukipindue. Tartani (kitambaa cha miraba ya rangi cha kilti) iliyofumwa ina rangi sawa pande zote mbili, na ukikaza macho utaona vimstari vya mshazari, kwa sababu kila uzi hupita juu ya nyuzi mbili na chini ya mbili. Iliyochapwa hufifia upande wa ndani. Hiyo nayo usiidharau, maana wanasesere wengi wa kuuziwa watalii walishonewa kitambaa cha kuchapwa tangu mwanzo. Ninachokataa ni uzi wa poliesta kwenye nguo inayodaiwa kuwa ya miaka ya 1930, wakati poliesta ilikuwa haijavumbuliwa.

Tartani nyekundu utakayokutana nayo zaidi ni Royal Stewart. Ya kijani na buluu iliyoiva ni Black Watch, ya kikosi cha jeshi. Muuzaji akikuambia tartani hiyo inathibitisha ukoo wa kale, msikilize tu kwa heshima. Mavazi ya Nyanda za Juu za Skotilandi yalipigwa marufuku kwa wanaume kwa sheria ya 1746, marufuku ikaondolewa 1782, na mtindo wa kila ukoo kuwa na tartani yake ulishika kasi baada ya Mfalme George IV kuzuru Edinburgh mwaka 1822, ziara iliyopangwa na Walter Scott.

Baada ya nguo, mwili. Tafuta alama kwenye kisogo au katikati ya mabega, majina ya watengenezaji wa Uingereza: Pedigree, Rosebud, Roddy. Plastiki ngumu ni ya mwishoni mwa miaka ya 1940 na ya 1950. Vinili laini yenye nywele zilizopandikizwa kichwani ilikuja baadaye. Wa kitambaa mwenye lebo ya Norah Wellings kwenye unyayo au kifundo cha mkono ni wa kiwanda cha Wellington, Shropshire, Uingereza, kilichoanza 1926. Peggy Nisbet, mtengenezaji mwingine wa wanasesere, alianza 1953, mwaka wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Kwake, kikaratasi cha mkononi kina thamani, usikikate.

Hapa kwetu wanatoka wapi? Wengi wao ndani ya mabale ya mitumba na mifuko ya michezo ya watoto inayopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, nenda mapema, bale linapofunguliwa, na uwaombe wauzaji wakuwekee hata aliyevunjika mkono. Kuna kijana mmoja ananiambia kila mara, "Mama, hii pupe (yaani mwanasesere) inatoka Bulaya (Ulaya), si ya kuchezea." Namjibu, "Ndiyo, mwanangu, lakini kofia yake iko wapi?" Bei hushuka palepale, kwa kuwa kofia, mkoba wa mbele na soksi za miraba myekundu na myeupe ndivyo vinavyopotea kwanza. Mwulize pia kama vimebaki chini ya bale. Mwanasesere wa kike asiye na mkoba hajapungukiwa. Mkoba ule kwa desturi ni wa wanaume.

Sasa harufu, na hapa nawaomba muwe makini. Sugua mgongo kwa kidole mpaka upate joto. Ukisikia kafuri, huyo ni wa seluloidi, plastiki ya zamani, na seluloidi hushika moto upesi mno. Umeme ukikatika jioni na mishumaa ikiwashwa, asiwe chumba kile. Ukisikia siki, plastiki imeanza kuoza na mvuke wake unaweza kuharibu wenzake na kutia kutu vyuma. Mtenge, mweke penye hewa, wala usimfungie kwenye nailoni.

Kuosha? Hapana. Nyekundu ya zamani huchuja, na maji yakiingia kichwani yanatia kutu vyuma vya macho. Wale wa kompozisheni, yaani unga wa mbao na gundi chini ya rangi, hupasuka ngozi wakilowa. Vumbi jekundu la kiangazi toa kwa brashi laini ya rangi, ukifuata mwelekeo wa marinda. Sufu ikiwa na nondo, kawaida huwekwa kwenye friza majuma mawili, nguo peke yake bila mwanasesere. Kwa umeme wetu usiotulia, mimi hukung'uta, hupiga brashi na kukagua mishono kila mwezi.

Mikono ikilegea, lastiki ya ndani imechoka. Badilisha kwa lastiki ya mviringo, isiyokaza sana isije ikapasua shingo. Kilti iliyofumuka naishona kwa uzi wa pamba, mishono mirefu inayofumuka kirahisi, ili atakayemmiliki baadaye aone palipotengenezwa. Mwenye macho ya kufumba mlaze kifudifudi. Kwenye karatasi, kwa penseli, andika ulimpata wapi, alivaa nini siku hiyo, na nini ulichoongeza wewe. Karatasi hiyo iweke chini yake, usiibandike kwa pini kwenye nguo.