SOMO: Namna ya kulalamikia mkopo wa Green Deal uliokaa kwenye bili ya umeme (soma kabla ya kunifuata inboksi)

Salaam wakuu. Kila wiki ananifuata mtu na swali lile lile: "Kwenye bili yangu ya umeme kuna makato ya Green Deal, nifanyeje?" Naandika mara moja, hapa. Ukiniuliza tena faragha nakurushia somo hili, basi.

Kwa wasioujua: Green Deal ulikuwa mpango wa serikali ya Uingereza, ulianza Januari 2013 chini ya Sheria ya Nishati ya 2011. Unafungiwa boila, paneli za sola au kuta zinawekewa kinga ya baridi, hutoi hela mkononi, halafu deni linakatwa kidogo kidogo kwenye bili ya umeme, wengine hadi miaka 25. Deni halimfuati mtu, linafuata mita. Ukihama, anayeingia ndiye anayelipa. Serikali ilikata ufadhili Julai 2015, na ripoti ya National Audit Office (wakaguzi wa hesabu za serikali) ya Aprili 2016 ilikuta kaya kama 14,000 tu ndizo zilizochukua mkopo. Mpango ulikwama, makato hayakukwama. Kuna watakaolipa mpaka karibu na 2040.

Hatua ya 1. Endelea kulipa bili.

Hatua ya 2. Kusanya karatasi: ripoti ya ushauri wa Green Deal, cheti cha EPC cha nyumba (kinachoonyesha nyumba inatumia nishati kiasi gani), mkataba wa mkopo, dhamana ya kazi, bili za kabla na za baada. Zimepotea? Andika barua pepe uombe nakala ya taarifa zako zote walizonazo. Ni haki yako chini ya sheria ya kulinda taarifa binafsi, hulipii kitu, na kwa kawaida wana mwezi mmoja wa kukujibu.

Hatua ya 3. Tenganisha malalamiko yako. Hapa ndipo kesi nyingi zinapofia, kwa hiyo soma taratibu.

Watu wanaandika barua moja ndefu: muuzaji alinidanganya, ukuta una ukungu, bili haijashuka, mbona nakatwa sana. Anayejibu anachagua lililo jepesi kulipinga, analijibu hilo peke yake, faili linafungwa. Na lililo jepesi kuliko yote ni "bili haijashuka". Mpango uliendeshwa kwa Kanuni ya Dhahabu: makato ya mwaka wa kwanza yasizidi akiba iliyokadiriwa. Iliyokadiriwa! Hakuna aliyekuahidi kwenye karatasi kwamba bili yako itashuka kweli. Bi mkubwa mmoja niliyemsaidia kuandika barua, tulianza na hilo la bili, tukajibiwa aya moja: makadirio si dhamana. Wala hawakukosea.

Barua ya pili tulifungua ripoti ya ushauri yenyewe, sehemu inayoeleza nani anaishi ndani na anatumiaje moto. Iliandikwa wakazi wanne, vyumba vyote vinapashwa joto mchana kutwa. Bi mkubwa ni mjane, anaishi peke yake, na rejeta (kipasha joto) pekee anayoiwasha ni ya chumba cha kulala. Ukikadiria matumizi makubwa, akiba inaonekana kubwa, na mkopo mkubwa unapenya kwenye Kanuni ya Dhahabu. Hilo sasa ni lalamiko, maana unaonyesha ukurasa na namba.

Kwa hiyo gawanya hivi, kila fungu na ushahidi wake:

- *Maneno ya muuzaji.* Aliyekuambia ni bure, ni ruzuku ya serikali, au hakukwambia deni litabaki kwenye mita. Andika alikuja lini, alisema nini, nani mwingine alikuwepo.
- *Hesabu.* Ripoti na mkataba, kama nilivyoeleza.
- *Kazi.* Ukungu, kuvuja, paneli zilizoelekezwa kusiko, kazi ya ukuta wa nje iliyofanywa bila kibali. Picha zenye tarehe.
- *Makato.* Kiasi kilichokatwa si kile cha mkataba.

TAHADHARI kwa wenye sola: angalia kama ulisaini karatasi ya kuhamisha malipo ya Feed-in Tariff (hela anazolipwa mwenye paneli kwa umeme zinaozalisha) kwa kampuni nyingine. Wapo waliosaini bila kujua, deni likabaki kwao na malipo ya umeme wa juani yakaenda kwa mtu baki. Hilo liandikie fungu lake peke yake.

TAHADHARI ya pili: usiongeze chumvi. Ukidai jambo moja ambalo karatasi yenye sahihi yako inalikanusha, hata yale ya kweli wataanza kuyatilia shaka.

Hatua ya 4. Lalamika kwanza kwa mtoa mkopo aliyetajwa kwenye mkataba, sio kwa fundi. Ana wiki 8. Kama kampuni imefilisika usikate tamaa: mikopo mingi iko mikononi mwa Green Deal Finance Company, ambayo iliuzwa kwa wawekezaji binafsi mwaka 2017. Tazama barua zako nani anadai sasa, umwandikie huyo.

Hatua ya 5. Jibu la mwisho likikuudhi, au wiki 8 zikipita kimya, panda ngazi. Mambo ya mkopo na namna ulivyouziwa yanakwenda Financial Ombudsman Service (msuluhishi huru wa malalamiko ya fedha). Makato na bili yanakwenda Energy Ombudsman (msuluhishi wa malalamiko ya nishati). Zote bure. Kwa Financial Ombudsman una miezi 6 tangu tarehe ya barua ya mwisho, na kwa kawaida lalamiko liwe ndani ya miaka 6 ya tukio, au miaka 3 tangu ulipojua, au ulipopaswa kujua, kwamba una sababu ya kulalamika. Ndiyo maana tarehe uliyoigundua kasoro iandike na uithibitishe.

Hatua ya 6. Waziri wa Nishati. Wengi hawaijui ngazi hii. Kanuni za Green Deal za 2012 zinampa Waziri mamlaka ya kupunguza au kufuta mkopo pale masharti yalipovunjwa. Siku hizi kazi hiyo iko kwenye wizara ya nishati iliyoundwa Februari 2023. Asiyeridhika na uamuzi, wewe au anayedai mkopo, anaweza kukata rufaa First-tier Tribunal (baraza la kisheria la rufaa). Ni safari ndefu, lakini wapo waliofutiwa.

Maswali chini.

---

MzeeWaLeeds: Mkuu sijasoma yote, niko kazini. Kwa kifupi nafutaje mkopo?

Mwandishi: Ukitoka kazini, hatua ya 3.

Chausiku_M: Mimi niligoma kulipa ile sehemu ya Green Deal, nalipa umeme tu. Sikopeshwi kwa nguvu.

Mwandishi: Nimeiandika hatua ya 1 kwa maneno matatu ili isimpite mtu. Makato yako ndani ya bili ya umeme, ukiyaacha unahesabika una deni la umeme. Lipa, huku unalalamika.

FundiBomba: Kuna jamaa yangu Scotland alifutiwa na wala hakutaja Kanuni ya Dhahabu yako. Usitishe watu.

Mwandishi: Sijasema ni lazima uitaje. Nimesema chagua fungu lenye ushahidi. Pengine jamaa yako alishinda kwa maneno ya muuzaji. Scotland ilivuma sana kwa hilo. HELMS, kampuni iliyouza Green Deal huko, ilipigwa faini ya pauni 200,000 na ICO (msimamizi wa sheria ya taarifa binafsi) mwaka 2015 kwa simu za kurekodiwa zaidi ya milioni 6, baadaye ikafilisika. Mwambie jamaa aje aeleze mwenyewe, itatufaa sote.

Bint_Lamu: Dada, samahani kama ni swali la pembeni. Sisi hatukukopa. Tulinunua nyumba, bili ya kwanza ndiyo iliyotufungua macho. Aliyetuuzia hakusema. Tunalalamika kwa nani na karatasi si zetu?

Mwandishi: Sio la pembeni hata kidogo mdogo wangu, ni swali zuri kuliko yote hapa. Muuzaji wa nyumba anatakiwa kukujulisha kwamba kuna Green Deal, na wewe unatakiwa kusaini kwamba umejua. Taarifa hiyo hukaa pia kwenye EPC. Kwa hiyo: (1) tafuta EPC mliyopewa wakati wa kununua, tazama tarehe yake na kama imetaja mkopo, (2) muulize wakili aliyewashughulikia kama kuna karatasi ya kukiri, na kama ipo, sahihi ni ya nani, (3) mwandikieni anayedai mkopo mkisema hamkujulishwa, ombeni nakala ya kukiri. Kanuni zile zile za 2012 zina njia ya mnunuzi ambaye hakuambiwa, na gharama inaweza kumrudia aliyeficha. Msichelewe, andikeni wiki hii. Mkipata EPC ifunike majina uiweke hapa tuitazame pamoja.

Bint_Lamu: EPC imetaja! Ukurasa wa nyuma, maandishi madogo. Hatukufika huko.

Mwandishi: Pole. Basi bado karatasi ya kukiri. Kutajwa kwenye EPC na ninyi kusaini ni vitu viwili, msijiondoe kabla hamjaiona.

KijanaWaGlasgow: Ukuta wetu wa nje uliwekewa kinga, sasa tunauza nyumba tunaambiwa hakuna kibali cha ujenzi.

Mwandishi: Lipo kwa wengi huko kwenu. Mpigie halmashauri akueleze namna ya kuhalalisha kazi iliyokwisha na gharama yake. Risiti zote za kuhalalisha ziingize kwenye fungu la kazi, udai zirudishwe.

FundiBomba: Nikihamia kampuni nyingine ya umeme si deni linakata?

Mwandishi: Halikati, linahama na mita. Tena kampuni ndogo za umeme hazilazimiki kushiriki Green Deal, kwa hiyo uliza kabla ya kuhama.

Chausiku_M: Haya nimelipa. Kuna watu wamenipigia wanasema watanisimamia, wakishinda wachukue asilimia.

Mwandishi: Vizuri kwa kulipa. Hao sio lazima, Ombudsman ni bure na fomu ni nyepesi. Ukitaka, andika rasimu uibandike hapa bila jina wala anwani, nitaipitia Jumapili. Na ukungu ule uliouonyesha kwenye picha mwaka jana, piga tena mahali pale pale, weka rula pembeni ionekane umeenea kiasi gani.