Mtoto ana usonji na watu wanasema hana adabu? Anzeni na salamu

Wazazi wengi huku Unguja na Pemba kilio chao kimoja, mtoto kahifadhi juzuu nzima, hesabu ndo usiseme, lakini akiingia mgeni anageuza uso na shikamoo haitoki. Hapo maneno yanaanza, mara kadekezwa, mara ana shetani, mara mama yake hakumfunza. Tuwekane sawa kwanza, usonji (kwa Kiingereza autism) ni namna ubongo ulivyokua toka tumboni, si chanjo wala si malezi mabaya.

Na salamu zetu jamani si mchezo! Shikamoo, hujambo, wazima nyumbani, mama hajambo, skuli jee, huku mkono unavutwa, udi umejaa chumba kizima, na yote hayo umtizame mtu usoni na ujue lini yamekwisha. Tena mtoto anaumwa kichwa kweli anaulizwa hujambo, anajiuliza nikisema sijambo si nadanganya? Mana wengi wao neno wanalichukua kama lilivyo.

Kwahiyo chagueni salamu moja tu. Shikamoo, basi. Ifanyeni kama mchezo mlango ule ule kila siku, baba atoke nje apige hodi, aingie, mtoto aseme shikamoo, baba aitikie marahaba apite zake, pasiwe na suali la pili. Ikizoeleka ndo mbadilishe mtu, aje bibi. Asiyesema kabisa aweke mkono kifuani, au apunge, nayo ni salamu. Macho msimlazimishe, wapo watu wazima wenye usonji wanaosema wakitizama macho hawasikii tena kinachosemwa, atizame kofia ya mtu yatosha.

Kazi kubwa lakini ni kwa watu wazima, mie naona hapa ndo wengi tunapakimbia. Damian Milton, Mwingereza ambae mwenyewe ana usonji, aliandika 2012 kuwa kutofahamiana huku ni kwa pande mbili, sio mmoja tu mwenye kasoro. Sasa kabla hamjenda kwa shangazi mtumieni voisi: "Shangazi tunakuja na mwanetu, atakwamkia mara moja, mkono hapendi kushikwa, usimvute, akikaa pembeni muache tu." Shangazi akijua mapema hakasiriki, akishtukizwa mbele ya wageni wake ndo inakuwa kesi.

Sikukuu ina mambo yake. Kanzu mpya ifuliwe kabla, lebo ya shingoni itolewe kabisa. Mwambieni kuwa mtu anaweza kumpa mkono wa sikukuu, yaani pesa ya sikukuu, na jibu lake ni ahsante. Kiwanja cha sikukuu, iwe Mnazi Mmoja Unguja au Tibirinzi Pemba, nendeni mapema watu hawajajaa, na mukubaliane ishara ya kuondoka, akiitoa mnaondoka saa hiyo hiyo hata kama wadogo zake wanalia, mana ukimwambia subiri kidogo mara mbili tatu ishara yenyewe ataiacha na atakachobakiwa nacho ni kupiga makelele.

Skuli, usiende kwa mwalimu na hadithi ndefu, darasa limejaa. Muandikie nusu karatasi: kinachomkera, kinachomtuliza, nani aitwe. Mapumziko ndo pagumu kuliko somo kwa sababu hayana mpango, na huko ndiko wenziwe wanamtuma akamwambie mwalimu neno chafu, anakwenda, anachapwa yeye. Mfunzeni kanuni moja, mtu akikutuma maneno kamuulize kwanza fulani, na huyo fulani mumtafute, mtoto mmoja tu anaependa anachopenda yeye, iwe mpira au ndege. Skuli ikikataa kusikiliza, wizara ya elimu ina kitengo cha elimu mjumuisho, yaani watoto wote kusoma pamoja, nendeni.

Wakubwa wenye usonji nao wapo, ingawa tunawasahau. Barzani utani ukivuka mpaka, rafiki yake amwambie wazi, "huo utani, hawajakusudia." Kwenye ndoa mambo ni hayo hayo, sie tumezoea kusema kwa mafumbo, mtu anavaa kanga yenye jina, yaani ule msemo ulioandikwa, na anategemea mwenzake aelewe. Mume mwenye usonji hataelewa. Mwambie "nimechukia kwa sababu umechelewa na hukupiga simu", maneno hayo hayo, kwa sauti ya kawaida, ukimnunia tu atadhani umechoka na atakwenda kulala zake.