Kitabu cha ufundi cha watu watano: hela mpange kabla ya sura ya kwanza

Wadau wa Kigoma, tuseme mko watano mnataka kutoa kitabu cha kutengeneza mashine za boti, hizi zinazopiga kazi Kibirizi na Katonga, na humo humo mkaweka taa za sola za kuvulia dagaa. Wawili mafundi, mmoja mwalimu anayejua kuandika, mmoja anapiga picha na kuchora, wa mwisho ana laptop na anajua kupanga kurasa. Wazo zuri sana. Ila kabla hamjaandika chochote kaeni muongee hela, maana mkisema tutajua mbele ya safari mjue ugomvi mshaupanda.

Cha kwanza kabisa ni fundi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kile kilichoandikwa au kuchorwa, wazo au njia ya kufanya kazi peke yake hailindwi. Maana yake fundi anayeijua mashine nje ndani akakaa mchana mzima anafungua kabureta na kueleza huku mwalimu anaandika, kisheria anaweza kutoka mikono mitupu na kitabu kikabaki cha mwalimu. Kwangu mimi huo ni wizi tu hata kama sheria haiuiti hivyo. Kwa hiyo muandikeni kwenye mkataba kama mwandishi mwenza, jina lake likae kwenye jalada, na mgao wake utajwe kwa namba.

Halafu msigawane kwa kuhesabu kurasa! Ukilipa kwa ukurasa watu wanajaza maneno, jambo la mistari mitatu linakuwa hotuba. Gaweni kazi kwa pointi 100, mfano: maelezo ya mafundi 30, uandishi 25, picha na michoro 15, ukaguzi wa ufundi 15, kupanga kurasa 10, kusimamia mauzo 5. Hapo kwenye ukaguzi msibane, kuna mashine zinataka lita 50 za petroli kwa lita 1 ya oili na nyingine zina kipimo chake tofauti, sasa chapa ikiongeza sifuri moja tu ikasomeka 500 pistoni ya mtu inakwama usiku katikati ya ziwa na kitabu chenu ndo kilichomwelekeza. Mkaguzi awe fundi ambaye sura anayoikagua hakuieleza yeye.

Sasa hesabu. Tuseme mnachapa nakala 500, kila moja inawagharimu 5,000, mnauza 10,000 na mwenye duka anabaki na 2,000. Zikiisha zote ni milioni 5, toa milioni 1 ya maduka, toa milioni 2.5 za kuchapa, inabaki milioni 1.5. Tengeni laki 3 za toleo lijalo, inabaki milioni 1.2, yaani kila pointi ni 12,000. Mafundi wenu kwa maelezo peke yake wana laki 3 na 60 hapo, wanagawana wawili. Aliyetoa mtaji wa kuchapa anarudishiwa hela yake kwanza kabla mtu yeyote hajala, lakini mtaji usimpe pointi, mkimpa basi ikifika toleo la tatu mwenye hela kawameza wote.

Ratiba ifuateni ziwa. Dagaa wanavuliwa gizani kwa taa, mbalamwezi ikiwaka boti nyingi zinapumzika, hizo siku ndo za kuwapata mafundi na wavuvi wakiwa wametulia, ukimfuata fundi wakati wa giza atakujibu nusu nusu mkono uko kwenye spana. Faili liwe moja na mtu mmoja analishika, wengine wanatuma marekebisho kwake, la sivyo WhatsApp itakuwa na "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho mpya" na hakuna anayejua lipi ni lipi.

ISBN, yaani namba ya kutambulisha kitabu, mnaomba Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Hakimiliki inaanza yenyewe kitabu kikishaandikwa, ila COSOTA, ofisi ya hakimiliki, jisajilini kwa majina ya wote watano, ni ushahidi mzuri mkivurugana.

Mkataba ukurasa mmoja unatosha, Kiswahili cha kawaida, mashahidi wawili, kila mtu nakala yake. Anayejitoa katikati anabaki na pointi za alichokamilisha tu. Akifariki mtu mgao unaenda kwa warithi, na hilo ni la muda mrefu kweli, kwa kazi ya pamoja ulinzi unakwenda miaka 50 baada ya mwandishi wa mwisho kufa. Toleo jipya likiongezwa sura, pointi zinahesabiwa upya. Akaunti iwe ya kikundi yenye saini mbili, daftari la mauzo yeyote kati yenu aweze kulifungua siku yoyote, na nakala za bure za kugawa ndugu na marafiki zipangiwe idadi mapema, tano kila mtu, ya sita unanunua kama wateja wengine.