Mwelekeo wa masika: jinsi ya kuusoma bila kupoteza mbolea

Juzi shemeji yangu wa Korogwe alinitumia picha ya ramani ya Tanzania, ina kijani na njano, imekatwa pembeni, maelezo hamna hata mstari mmoja. Chini kaandika: "Shemeji, hii inasemaje? Nipande lini?" Tulikaa kwenye simu karibu saa nzima. Niliyomweleza nayaandika hapa, maana najua hatakuwa wa mwisho kuniuliza.

Hatua ya 1: Tafuta waraka wenyewe, achana na picha yake

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa masika, yaani Machi hadi Mei, kabla msimu haujaanza. Pakua waraka mzima kutoka kwao. Picha za kwenye magrupu ya WhatsApp huzunguka miaka na miaka. Ile ya shemeji haikuwa na tarehe, na sikukubali kuisoma mpaka aniletee nzima. Ukitaka kuona ukanda wote wa Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, kituo cha hali ya hewa cha ICPAC, kilicho chini ya jumuiya ya nchi iitwayo IGAD, hutoa wa kwao. Zikipishana, mimi hufuata ya TMA kwa sababu inashuka hadi kwenye mkoa wako.

Hatua ya 2: Hakikisha unakoishi kuna masika

Usicheke. Masika ni ya mikoa yenye misimu miwili ya mvua: pwani ya kaskazini pamoja na Unguja na Pemba, Arusha, Kilimanjaro na Manyara, ukanda wa Ziwa Victoria, kaskazini mwa Kigoma na kaskazini mwa Morogoro. Uko Dodoma, Mbeya au Mtwara? Zako ni mvua za msimu, Novemba hadi Aprili, na zina waraka wake.

Hatua ya 3: Neno "wastani"

Hapa ndipo wengi huishia. Wanaona "mvua za wastani", wanafunga simu, wanakwenda kulala. TMA huita wastani mvua iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu wa eneo lako. Zaidi ya hapo ni juu ya wastani, pungufu ya hapo ni chini ya wastani. Sasa piga hesabu: eneo ambalo kwa kawaida hupata milimita 400 msimu mzima, likipata 300 ni wastani, likipata 500 ni wastani vilevile. Kwa mahindi hiyo ni misimu miwili tofauti kabisa.

Halafu jumla haikwambii mvua imegawanyika vipi. Milimita 400 zinaweza kunyesha polepole kwa miezi mitatu, au zikamwagika kwa siku kumi na kukuacha unaangalia mbingu. Kwa hiyo usiishie kwenye rangi ya ramani. Soma aya za mwanzo wa mvua, mwisho wa mvua, na vipindi virefu vya ukavu. Hizo ndizo za mkulima.

Ukikuta namba kama 45, 35 na 20 kwenye ramani ya ICPAC, hizo ni nafasi. Shemeji aliona 45 akasema, "Kumbe mvua ni asilimia 45 tu!" Hapana. Hapo wanakwambia kuwa katika makundi matatu (juu, wastani, chini), kundi moja lina nafasi 45 kati ya 100. Bado kuna 55 kwamba litatokea jingine. Ni kuegemea upande, wala si ahadi.

Na masika yenyewe ni kaidi. Vuli huongozwa sana na El Niño na joto la Bahari ya Hindi, kwa hiyo hutabirika mapema vizuri zaidi. Masika hayafuati mambo hayo kwa karibu. Hutikiswa zaidi na wimbi la mawingu linalozunguka dunia karibu na ikweta kila siku 30 hadi 60, na hilo huwezi kuliona Februari ukajua litapita kwako lini Aprili. Ndiyo maana lazima tushuke chini.

Hatua ya 4: Shuka kwenye dekadi

Dekadi ni siku kumi. Soma taarifa ya TMA ya siku kumi kwa wakulima. Ni fupi, dakika tano inatosha.

Hatua ya 5: Saa na tarehe (hii usiiruke)

Mwaka jana mwezi wa nne niliangalia ramani ya utabiri wa jumla ya mvua ya saa 24. Imeandikwa tarehe 14, 06 UTC (UTC ni saa ya kimataifa inayotumika kwenye ramani hizi), na juu ya Korogwe pana doa jekundu. Nikampigia shemeji: "Mvua kubwa ni tarehe 14, kesho tarehe 13 maliza kuweka urea." Tarehe 13 asubuhi akaweka. Saa kumi jioni ya siku ileile radi ikapasuka, ikashuka mvua ya mawe na upepo, na mifuko miwili ya urea ikaenda mtaroni. Alinipigia, akaniuliza swali moja tu: "Shemeji, mvua yako ya kesho mbona imekuja leo?"

Ramani ilikuwa sahihi. Aliyekosea kuisoma ni mimi. Jumla ya saa 24 iliyoandikwa tarehe 14, 06 UTC ni mvua inayonyesha *kuishia* saa hiyo. UTC iko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo 06 ni saa 3 asubuhi. Ile ilikuwa mvua ya kuanzia saa 3 asubuhi tarehe 13 hadi saa 3 asubuhi tarehe 14, karibu yote ya tarehe 13. Usiku ule nilikaa na karatasi na kalamu mpaka nikaelewa, na nikagundua kosa jingine nililokuwa nalifanya siku zote: nikiona "12 UTC" kichwa changu kinasoma saa kumi na mbili. Siyo. Ni saa 9 alasiri.

Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna mtego ambao wengine hawana, lakini pia tuna njia ya mkato. Chukua saa ya UTC, *toa tatu*, umepata saa ya Kiswahili:

- 06 UTC: toa 3, ni saa 3 asubuhi.
- 12 UTC: toa 3, ni saa 9 alasiri.
- 18 UTC: toa 3 ni 15, imezidi 12, toa 12, ni saa 3 usiku.
- 00 UTC: haitoshi kutoa, ongeza 12 kwanza, ni saa 9 usiku.

Angalia na haya:

Kuanzia 21 UTC, kwetu tayari ni saa 6 usiku na tarehe imegeuka. Ramani ya tarehe 13, 21 UTC ni ya usiku wa kuamkia tarehe 14.

Tovuti na programu nyingine hubadilisha saa zenyewe zifuate simu yako. Ukitoa tatu juu ya hapo unajiharibia. Kabla hujaamini, tafuta neno UTC au herufi Z pembeni ya saa. Lipo, toa tatu. Halipo, linganisha na jua: kama joto la juu la siku linaonekana kama saa 9 alasiri, hiyo ni saa ya kwetu.

Ramani nyingine hazitoi mvua ya saa 24, zinatoa jumla tangu hesabu ilipoanza. Hizo namba hupanda tu, hazishuki. Ukitaka ya siku moja, toa ya jana kwenye ya leo.

Kwa zana, mimi natumia hesabu za utabiri za kompyuta za kituo cha Ulaya, ECMWF, na zile za Marekani, GFS, nazitazama kwa kuhakiki tu. Vile vijipicha vya wingu na radi vinavyokuja na simu mpya, sivitazami kabisa. Masika ikianza vinachora radi siku saba mfululizo, hata mimi naweza kutabiri hivyo.

Hatua ya 6: Dhoruba na upepo

TMA hutoa tahadhari za siku tano. Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Soma na sentensi za uwezekano na kiwango cha athari. Kwa wenye boti, tafuta upepo unaofika kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Ukiona hivyo, ngalawa ibaki ufukweni. Na usidhani vimbunga ni vya Msumbiji peke yake: Hidaya alitua Mafia tarehe 4 Mei 2024, na Lindi ilipigwa Aprili 1952.

Kanda ya Ziwa msisahau kuwa radi zenu hupenda usiku na alfajiri. Upepo wa nchi kavu hutoka pande zote na kukutana juu ya maji, mawingu yakapanda. Jioni shwari isikudanganye kutoka na mtumbwi.

Hatua ya 7: Ubaridi

Kaskazi ikishalala na kusi kushika, kuelekea Mei, joto hushuka. Ukisoma utabiri wa mji wa bondeni na wewe unaishi mlimani, punguza kama nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000. Lushoto iko juu ya Korogwe kwa mita elfu moja na ushee, basi toa nyuzi 7.

Hatua ya 8: Kipimo chako

Chupa ya plastiki yenye pande zilizonyooka. Kata shingo, igeuze iwe faneli, tia kokoto chini, mimina maji mpaka yapite pale palipopinda, piga mstari: hiyo ni sifuri. Bandika rula. Iweke wazi, mbali na paa na miti. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Soma saa 3 asubuhi kila siku, andika, mwaga maji yaliyozidi mstari.

Shemeji alitengeneza ya kwake Jumapili. Jana kanitumia picha ya chupa na namba: 31. Nikamuuliza, ya tangu lini? Akajibu: "Saa tatu ya jana mpaka saa tatu ya leo. Na urea bado iko stoo."