Mfanyabiashara Anayetaka Ubunge: Vitabu Kwanza, Fomu Baadaye

Mwenye kiwanda cha kukamua alizeti Singida, au mwenye maghala ya mahindi Kibaigwa, anapotangaza nia ya kugombea ubunge, marafiki humuuliza kama ana fedha za kutosha. Fedha anazo. Linalopaswa kumnyima usingizi ni kama anaweza kuonyesha kwa karatasi ipi ni ya kampuni, ipi ni yake na ipi ni ya kampeni.

Kwa hiyo anza na vitabu, angalau mwaka mmoja kabla ya kuchukua fomu. Kaa na mhasibu wako, mfungue daftari la matumizi na kupitia mstari kwa mstari. Mtakuta maandishi kama "dizeli, Fuso, mazishi" au "mabati 40, msikiti", ambayo miaka yote yamehesabiwa kuwa gharama za kiwanda kwa sababu tajiri na kiwanda chake walikuwa kitu kimoja. Msaada huo ulipotolewa na jirani haukuwa na neno. Ukitolewa na mtia nia, unaweza kutafsiriwa kuwa ni rushwa. Fungua akaunti ya pekee kwa ajili ya siasa, na kila shilingi inayotoka kwenye kampuni kuja kwako ipitishwe na bodi, iwe gawio au mkopo wenye maandishi.

Wenye umri wanaikumbuka takrima. Sheria ya uchaguzi iliwahi kumruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema, hadi Mahakama Kuu ilipobatilisha vifungu hivyo mwaka 2006. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 ikakaza zaidi, kwa kumtaka mgombea aeleze fedha alizonazo na anazotarajia kupata, kuweka ukomo wa matumizi, na kugusa hata mchujo wa ndani ya chama. Chama chenyewe hakikwepeki, maana Katiba haimpi nafasi mgombea binafsi. Bosi aliyezoea kukata shauri peke yake atasubiri vikao, kisha atapigiwa kura na wajumbe ambao, kama utani wa mitaani unavyosema, si watu wazuri.

Ukishinda, utawasilisha tamko la mali na madeni kwa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, na kulirudia kila mwisho wa mwaka. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi au kupangisha nyumba. Masharti hayo yalilegezwa na kikao cha CCM kilichofanyika Zanzibar mwaka 1991, kwa hiyo hisa unaweza kubaki nazo, ila huwezi kuzificha. Kama kampuni yako inauzia halmashauri saruji au mafuta, mwone wakili mapema, kwa kuwa Ibara ya 67 ya Katiba inagusa maslahi katika mikataba ya Serikali. Na mabati yanayonunuliwa kwa fedha za Mfuko wa Jimbo yasipelekwe shuleni na lori lenye jina la kampuni yako.

Kisha kuna muda, ambao matajiri huupima vibaya kuliko fedha. Mohammed Dewji, mzaliwa wa Singida, aliliwakilisha jimbo la Singida Mjini kupitia CCM kuanzia 2005 hadi 2015, kisha hakugombea tena akaendelea na biashara. Bunge la Bajeti pekee huanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni hapa Dodoma, miezi ambayo kule Singida magunia ya alizeti huwa yanaingia kiwandani na wakulima wanataka malipo yao siku hiyohiyo. Jipime kabla ya kuchukua fomu: mwachie meneja mamlaka ya kusaini hundi, ondoka msimu mzima wa ununuzi, na usipige simu kuuliza bei ya gunia. Ukirudi, mwite mhasibu akusomee daftari.