Kusoma muswada kabla haujawa sheria

Kiongozi anayejinadi kuwa yeye peke yake ndiye sauti ya wananchi, akishashika madaraka, hukimbilia kubadili sheria. Hungaria, chama cha Fidesz, chake Viktor Orbán, kilipata theluthi mbili ya viti vya bunge mwaka 2010. Kufikia 2012 nchi ilikuwa na katiba mpya na umri wa majaji kustaafu ulishushwa kutoka miaka 70 hadi 62. Uganda iliondoa ukomo wa mihula ya urais mwaka 2005, na ukomo wa umri mwaka 2017. Yote yalipitia bungeni. Kwa hiyo muswada ukifika Dodoma, usome mwenyewe.

Upakue kwenye tovuti ya Bunge, uanzie mwisho, kwenye “Madhumuni na Sababu”. Hapo Serikali inaeleza inachotaka. Vifungu ndivyo vitakavyokuonyesha kama ndivyo.

Kazi ngumu ni miswada ya marekebisho, kwa sababu husema tu “kifungu cha 4 kinarekebishwa kwa kufuta maneno…” bila kukuonyesha kifungu kizima. Chapisha sheria mama, ukate yanayofutwa kwa kalamu nyekundu na uandike mapya juu yake. Ndipo utaona kama “kwa kushauriana na” imeondoka, kama “uamuzi wa Waziri utakuwa wa mwisho” imeingia, au kama anayeteua sasa ndiye pia anayefukuza. Kuwa makini zaidi na Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, maana sheria nyingi hubebwa kwenye muswada mmoja na jambo zito hujificha katikati. Marekebisho Na. 3 ya 2020 ndiyo yaliyomtaka anayefungua shauri la haki za msingi aeleze jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Kesi za kutetea umma zikabanwa hapo.

Maoni yako yapeleke kwa Katibu wa Bunge wakati muswada ungali kwenye kamati: taja kifungu, tatizo, na maneno unayopendekeza. Malalamiko ya jumla hayaisaidii kamati kuandika chochote. Muswada ukija kwa hati ya dharura, siku huwa chache sana, basi mtafute pia mbunge wako mapema. Baada ya kamati, njia iliyobaki ni jedwali la marekebisho, yaani orodha ya mabadiliko ya vifungu, atakalowasilisha mbunge huyo.

Rais akishasaini, linganisha sheria na nakala yako. Yaliyoongezwa ukumbini hayamo kwenye muswada uliosoma.