Namna ya kuchagua kanga kwa kila unayempenda

Nauza kanga Darajani, Unguja. Wanaume huja na haraka: "Nipe ile nyekundu." Nikiuliza ya nani, ndipo wanapoanza kufikiri. Wewe anzia hapo. Kabla ya rangi na kabla ya bei, jua unampa nani na ataivaa mbele ya nani, maana jina, yale maneno yaliyoandikwa sehemu ya chini ya mji, yaani eneo la katikati ya kanga, litasomwa na kila atakayepishana naye njiani.

Ya mama haisumbui. Chukua "Nani kama mama," atajitanda nayo shughulini na majirani wote waisome. Mapenzi ya mama na mwana hayaonewi haya, yaseme waziwazi. Ila mpe doti nzima, ajifunge moja na kujitanda nyingine.

Mama mkwe ndiye anayetaka utulivu. Huyo unampenda kwa heshima, na heshima huchafuka upesi. Soma jina mara mbili, kisha umsomee mtu mwingine uone anaelewa nini. Chochote chenye husuda, maneno ya watu au mafumbo kiache, hata pindo lake likupendeze vipi. "Hasidi hana sababu" ni kanga nzuri, lakini mkweo atajiuliza hasidi ni nani, na shemeji zako watamsaidia kujibu. Tafuta dua au shukrani, mimi huwapa "Wema hauozi." Wazee wetu walilijua jambo hili, ndiyo maana mama wa bibi harusi alipewa mkaja na ubeleko: nguo ya kufungia tumbo baada ya uzazi, na nguo ya kubebea mtoto mgongoni. Aliyemlea unayemwoa ashukuriwe kwa kazi ile yenyewe. Ukiweza kumpa hivyo hata leo, mpe.

Kwa mke, nunua doti mbili: ya kutokea na ya ndani. "Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika" anaweza kwenda nayo hata sokoni. Maneno mazito zaidi ya hapo ni ya chumbani, usimlazimishe kuyatembeza mtaani ili watu wajue unampenda. Bibi harusi mpya ana yake, kisutu cha nyekundu, nyeusi na nyeupe, wala usikibadilishe kwa mtindo wa msimu.

Wanawake mlio marafiki wa kweli, vaeni sare. Na kama fedha ni kidogo, nunueni doti moja mgawane, kila mtu kipande chake. Naona fahari kila ninapowakatia watu kanga ya namna hiyo.

Na kijana anayempenda msichana ambaye hajamwambia neno, anataka kumpelekea "Japo sipati tamaa sikati"? Namkataza. Atamtia aibu mbele ya mama yake. Kwanza aseme kwa mdomo wake, akikubaliwa arudi.

Ukishalipa, kumbuka doti hutoka dukani vipande viwili vikiwa vimeungana. Ya mama na ya mkwe ipeleke kwa fundi aikate katikati na kuipinda ncha, wasihangaike wao. Kama ni nyekundu, mwambie anayeipokea aifue peke yake mara ya kwanza, kwenye maji ya baridi.